Picha Bubu na Adui Asiye na Uso

Ndugu walimu, mwanafunzi wa Musinzira anayepiga risasi katika mchezo wa video anaendeleza jambo lenye historia ndefu: kuonyesha vita kwa picha isiyosema.

Mwaka 1925 Mrusi Sergei Eisenstein alitengeneza filamu ya manowari Potemkin, kuhusu uasi wa mabaharia wa mwaka 1905. Ilikuwa filamu bubu. Katika ngazi za Odessa twaona uso wa mama aliyebeba mwanawe. Askari wa mfalme twawaona zaidi kwa viatu na bunduki zao. Mauaji hayo hayakutokea ngazini jinsi yalivyoonyeshwa, lakini ndivyo ulimwengu unavyoyakumbuka. Uingereza iliizuia filamu hiyo isionyeshwe kwa umma hadi mwaka 1954.

Wakoloni wa Afrika Mashariki nao walitambua nguvu hiyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, zilitengenezwa filamu zipatazo 35 za kufundisha kilimo, afya na uwekaji akiba. Waigizaji walikuwa Waafrika, na maelezo yalitiwa katika sahani za santuri. Aliyeonekana siye aliyeamua la kusemwa.

Mwaka 1985 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa mchezo uitwao Green Beret. Askari mmoja mwenye kisu anavamia kambi za adui ili kuokoa mateka. Nchini Marekani uliitwa Rush'n Attack, jina ambalo likitamkwa husikika kama "shambulio la Kirusi". Hivyo, miaka 60 baada ya Potemkin, Mrusi mwenyewe akawa ndiye asiye na uso. Maadui huja wakifanana, huanguka wakifanana, wala hatuoni mama wa yeyote.

Sisi wa Burundi, tuliopitia vita vilivyoanza mwaka 1993, hatuwezi kulichukulia jambo hili kuwa dogo. Tunajua kwamba mtu huvuliwa uso kwanza, ndipo huuawa.

Hatusemi michezo ipigwe marufuku. Twapendekeza zoezi moja la insha: mwanafunzi amchague adui mmoja wa mchezo wake, ampe jina, aeleze kwao ni wapi na nani anamngoja nyumbani. Kisha aisome insha yake mbele ya wenzake, kwa sauti.