Bagamoyo au Kilwa

Mpunga ukishavunwa na magunia yakishapangwa ghalani, mkulima wa Ifakara hupata majuma machache ya kunyoosha mgongo. Kwa miaka 40 ya ndoa yetu majuma hayo yalimezwa na harusi, misiba na ada za shule. Mwaka jana, watoto wakiwa wamekwisha kujitegemea, mimi na mke wangu tuliafikiana kwenda kupumzika pwani. Hilo halikutuchukua hata dakika tano. Kuchagua mji ndiko kulikotuchukua mwezi mzima, kwani yeye alitaka Bagamoyo na mimi nilitaka Kilwa.

Hoja za mke wangu zilikuwa nzito. Bagamoyo ni karibu: ukishafika Dar es Salaam zinabaki kilomita 70 hivi, ilhali Kilwa ni kama 300 kuelekea kusini. Tena yeye amelelewa misheni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakawakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 1874, baada ya Susi, Chuma na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka bara. "Nataka nikasali pale," akasema.

Nami nilikuwa na hoja zangu za ualimu. Nilimweleza kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule. Kwamba Wareno waliuteka mwaka 1505. Na kwamba tangu 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya urithi wa dunia. Mke wangu alinisikiliza kwa subira, kisha akaniuliza, "Baba, hebu sema kweli. Ni magofu tu?"

Hayakuwa magofu. Alikuwa ni babu yangu.

Babu mzaa baba alikuwa mtoto mdogo wakati wa Vita vya Maji Maji. Aliishi hadi uzee wa kuongozwa kwa mkono, wala hakuwahi kuiona bahari. Tulipomuuliza sababu, jibu lake lilikuwa moja: "Kilwa watu huenda, hawarudi." Nyumbani kwetu Kilwa haikuwa mji, ilikuwa neno la kuwanyamazishia watoto usiku.

Nilipoanza kufundisha historia ndipo nilipomwelewa. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kupakilia watumwa waliotoka kusini na nchi za Ziwa Nyasa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kuzuia watumwa kusafirishwa baharini, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kuteremka pwani. Babu alizaliwa baada ya hayo. Lakini sheria hufuta biashara kabla haijafuta hofu, na hofu ile aliirithi kama wengine wanavyorithi shamba.

Kisha, kutoka upande uleule, ikaja habari ya pili. Huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aligawa maji ya dawa ili risasi za Wajerumani zisidhuru. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini maji yalikuwa yamekwisha kuenea. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge, ng'ambo ya mto wetu, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Baba yake babu hakurudi kutoka Mahenge. Baadaye mashamba na maghala yalichomwa, ikafuata njaa. Makadirio ya waliokufa katika vita vile na njaa yake huanzia 75,000 na kufikia 300,000.

"Basi mbona unataka twende tukapumzikie kwenye msiba?" akauliza mke wangu. Siku kadhaa sikuwa na jibu.

Jibu lilinijia nikiwa kandoni mwa mto. Kilombero ukishakutana na Luwegu huitwa Rufiji, nao Rufiji humwaga maji yake baharini kati ya miji hii miwili tuliyokuwa tukiigombea. Maji yaleyale niliyoyavuka kwa pantoni miaka yote, kabla ya Daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018, yanakwenda pwani bila kumwogopa mtu. Na msafiri wa Kilwa huuvuka mto huohuo juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Jioni ile nikamwambia mke wangu: "Nataka niende Kilwa, halafu nirudi. Katika ukoo huu apatikane mmoja aliyekwenda akarudi."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Sawa. Lakini mwaka unaofuata ni Bagamoyo."

Tulipofika Daraja la Mkapa, nilichungulia dirishani mwa basi. Mto ulikuwa mpana na wa rangi ya udongo, nikaona fahari ya kijinga, kama mtu amwonaye mtoto wa kijijini kwake ugenini. Kule Kivinje tulitembea taratibu kati ya nyumba kuukuu zilizoota miti ukutani. Mama mmoja muuza samaki alituuliza tumetoka wapi. Tulipomjibu Ifakara, uso wake ukachangamka: "Karibuni sana! Mchele wenu unanukia tangu jikoni." Sikujua nicheke au nilie. Kumbe siku hizi kinachotoka kwetu kwenda pwani ni mchele, nao unaulizwa habari kwa upole.

Wengine husema jina la Bagamoyo lilikuwa faraja ya wapagazi, kwamba wabwage moyo, wamefika. Wengine husema lilikuwa kilio cha watumwa walioiacha mioyo yao ufukweni. Nadhani msiba na mapumziko vimekaa pamoja pwani yote. Anayekwenda huko kupumzika hana budi kuvikuta vyote viwili, na tofauti yake na waliomtangulia ni kwamba yeye ana tiketi ya kurudia.

Tuliporudi nilikwenda kaburini kwa babu, nikang'oa majani, nikamwambia kwamba nimerudi. Mwaka huu ni zamu ya Bagamoyo. Mke wangu amekwisha kuweka kando magunia yake mawili ya mpunga kwa ajili ya nauli.