Bata Bukini wa Boston

Kabla sijamfundisha mwanafunzi kukoroga bariamu, humsimulia kwanza habari za bata bukini. Wengine hucheka, lakini kazi yetu ya kumtazama mgonjwa kwa eksirei akiwa anameza ilianzia kwa ndege huyo.

Röntgen aligundua mionzi hiyo kule Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895. Mwaka mmoja baadaye, huko Harvard, Profesa Bowditch aliwatuma wanafunzi wawili wa udaktari, Walter Cannon na Albert Moser, waitumie kutazama chakula kikishuka kooni. Tatizo ni kwamba mionzi huonyesha mfupa. Umio ni nyama laini, hauonekani. Wakachanganya chakula na chumvi ya bismathi, madini mazito yanayozuia mionzi. Desemba 1896 wakamleta bata bukini mbele ya wanafiziolojia mjini Boston, kavishwa kola ndefu ya kadibodi ili shingo isiyumbe. Nadhani siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mheshimiwa kuliko wote ukumbini. Shingo ile ilikuwa na faida yake: tonge lilichelewa kufika, macho yakapata nafasi ya kulifuata.

Ilipohamia kwa wagonjwa, bismathi ilikuja kuwadhuru baadhi yao, na kuanzia 1910 bariamu salfeti ikaanza kushika nafasi yake. Bariamu inayoyeyuka ni sumu. Salfeti hii haiyeyuki, huingia na kutoka ilivyo. Cannon mwenyewe alifariki 1945, baada ya kuugua saratani iliyohusishwa na mionzi ya ujanani.

Kumeza ni mwendo. Koromeoni tonge hupita kwa takriban sekunde moja, kwa hiyo picha moja iliyotulia huweza kukudanganya. Ndiyo maana namheshimu Jeri Logemann wa Chicago, aliyeeneza uchunguzi wa video katika miaka ya 1980: kimiminika kidogo, kitu kizito, kisha biskuti yenye bariamu, huku tukiangalia kama kuna kinachopotea njia kuelekea mapafuni. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kupaliwa bila hata kukohoa.

Tatizo jingine ni umio kubanwa: Afrika Mashariki ina saratani nyingi ya umio. Bariamu huonyesha mahali palipobanwa, ingawa kipimo cha kamera na kinyama cha maabara ndivyo humaliza ubishi. Kwa kawaida ugali hutangulia kukwama, kisha uji, mwishowe maji. Wengi hutufikia wakiwa kwenye hatua ya maji. Ndugu msomaji, ugali ukianza kukwama, usingoje uji: nenda hospitali.