Rangi za Maji na Picha za Kukata

Wasanii wa siku hizi watengenezao kolaji katika kompyuta, ambao kwanza hupaka rangi za maji juu ya karatasi nzito, wakaiacha ikauke, kisha wakaipitisha katika skana ili iwe mandhari ya nyuma ya picha walizozikata huku na huko, aghalabu hudhaniwa kuwa wamebuni jambo jipya. Ilhali jambo hilo, ukiondoa umeme, lilikuwa ada ya mabibi wa kiungwana wa Uingereza katika miaka ya 1860 na 1870.

Chanzo chake ni biashara. Mwaka 1854 Mfaransa mmoja, André Adolphe Eugène Disdéri, alipata hataza ya kupiga picha kadhaa juu ya kioo kimoja, kila moja ikiwa na ukubwa wa kadi, na kwa sababu hiyo bei ya picha ikashuka. Na mwaka 1860 John Mayall alipoanza kuuza picha za Malkia Victoria na jamaa zake, watu walishikwa na uchu wa kukusanya nyuso, za ndugu na za wasiowajua. Nyuso hizo zilitiwa katika albamu zenye nafasi zilizokwisha kukatwa, zikasimama wima kama askari wa gwaride, na baadhi ya mabibi wakachoka kuzitazama.

Mabibi hao walikuwa wamefundishwa rangi za maji tangu usichanani, madhali elimu hiyo ilihesabiwa katika adabu za binti wa watu pamoja na kinanda na Kifaransa, na vidonge vya rangi vilivyochanganywa na gundi ya mgunga vilipatikana madukani bila taabu. Basi wakatwaa mkasi, wakazitoa nyuso na viwiliwili katika kadi zake, wakavibandika juu ya bustani, kumbi na maziwa waliyoyachora wenyewe.

Katika ukurasa mmoja wa albamu ya Lady Filmer, mmoja wa mabibi hao, tunaiona sebule iliyopakwa rangi, na bibi mwenyewe amesimama kando ya meza yenye albamu na kopo la gundi, na Edward, mrithi wa kiti cha Victoria, yupo mahali pa heshima. Ama mumewe bibi huyo ameketi pembeni karibu na mbwa, naye amekuwa mdogo kuliko mgeni. Sidhani kama udogo huo ulitokea kwa bahati. Katika albamu ya bibi mwingine, Kate Gough, bata waogeleao wana vichwa vya mabibi, na maskhara hayo yasingetimia lau maji ya ziwa hayangechorwa kwa utulivu na uaminifu, kwani ni mandhari ndiyo imfanyayo mtazamaji akubali kwa dakika moja kwamba kichwa na bata ni kiumbe kimoja.

Wanahistoria wa sanaa, waliozoea kuianza habari ya kolaji kwa Picasso na Braque mwaka 1912, waliyahesabu mambo haya ya mabibi kuwa michezo ya sebuleni, na ni mwaka 2009 tu ambapo jumba la sanaa la Chicago liliyaandalia maonyesho yake makubwa.

Mashaka ya kazi yenyewe hayakubadilika sana. Karatasi iliyoloweshwa hujikunja, kwa hiyo hutandazwa juu ya ubao na kushikizwa kingo zake hadi ikauke. Na kivuli kisipopakwa chini ya miguu, mtu aliyebandikwa huelea hewani. Programu ya Photoshop, iliyotoka mwaka 1990 na kuongezewa tabaka mwaka 1994, ilimruhusu msanii kumhamisha mtu huyo mara mia pasipo kuichafua rangi iliyo chini yake, jambo ambalo Lady Filmer, akiisha kupaka gundi, hakuliweza. Walakini kivuli hakiji chenyewe, na wengi hurudi mezani na kukipaka kwa brashi katika karatasi ya pili, wakaiskani hiyo nayo.