Uvutano, Bamvua na Mashapo

Neno "uvutano" lina fizikia ndani ya kiambishi kimoja. Kiondoe kile -an- useme "uvutaji", na papo hapo maana imepotea: kimoja kinavuta, kingine kinavutwa tu. Uvutano hauko hivyo. Dunia inauvuta Mwezi, na Mwezi nao unaivuta Dunia kwa nguvu ileile. Newton aliliandikia jambo hilo kanuni. Mtoto wa Kariakoo, Dar es Salaam, analo tangu siku alipojua tofauti ya kupenda na kupendana. Vitabu vingine huandika "graviti", na si kosa, ila graviti humngoja mwalimu aje kuifafanua. Mimi nachagua uvutano.

Ushahidi wake hauko mbali na Mtaa wa Msimbazi wa hukohuko Kariakoo. Shuka hadi soko la samaki la Feri uwasikilize wavuvi: leo maji ni bamvua, au leo maji ni mafu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, karibu na siku mwezi unapoandama na siku unapokuwa mpevu, kwa sababu Jua, Dunia na Mwezi huwa vimejipanga karibu kwenye mstari mmoja, na mvuto wa Jua unauongezea nguvu ule wa Mwezi. Siku hizo, kati ya maji yaliyojaa na maji yaliyopwa kwenye ufukwe wa Dar es Salaam, tofauti hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, Jua linavutia kwake na Mwezi unavutia kwake, basi maji hayajai sana wala hayapwi sana. Tofauti hushuka hadi kama mita 1. Ndiyo maji mafu. Sijui kama kamati yoyote ya istilahi ingeweza kutunga jina bora kuliko hilo.

Mstari huohuo wa Jua, Mwezi na Dunia ulionekana wazi tarehe 1 Septemba 2016, watu waliposafiri hadi Rujewa, wilayani Mbarali, kutazama Jua likibaki pete. Tunasema Jua "limepatwa". Kitenzi hicho kinatueleza kwamba Jua limefikwa na jambo, lakini kimemficha mtendaji, na hapo mwalimu ana kazi: amtaje Mwezi, uliokaa katikati. Akishamtaja, aunganishe na habari ya Feri. Jua haliwezi kupatwa ila mwezi ukiwa karibu kuandama, na mwezi ukiandama pwani inaingia kwenye bamvua. Kwa hiyo kila Jua linapopatwa, mvuvi anajua maji yake yatakuwaje, hata kama kivuli chenyewe kimepita nchi nyingine.

Istilahi ya tatu imelala mtoni. Mto Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, unatandaa Jangwani, kisha unaingia baharini chini ya Daraja la Salenda. Vitabu vya jiografia vinaita unachobeba "mashapo". Neno hilo halikuzaliwa darasani. Angalia kikombe cha muuza kahawa wa Kariakoo mnywaji akishamaliza: kile kilichotuama chini ndicho shapo. Mto nao hutua mzigo wake kwa utaratibu. Mlimani maji yana kasi, yanabeba mchanga mkubwa. Yakifika Jangwani, ambako bonde ni pana na mteremko umekwisha, kasi inapungua na mchanga unatangulia kutua. Tope laini linaendelea hadi kwenye mikoko. Chota kiganja cha mchanga wa Jangwani baada ya mvua, kisha chota tope la mikokoni, uvisugue kwa vidole: utaupata mwendo wa maji bila kipimo kingine.

Mashapo yakizidi, kina cha mto kinapungua, nafasi chini ya madaraja inajaa, na mvua ya masika inakosa pa kupita. Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mabasi ya Mwendokasi husimama. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na baadhi ya wakazi wa bonde walihamishiwa Mabwepande. Na mvua kubwa ikiangukia saa ambayo bamvua limejaa, bahari inasimama mlangoni mwa mto na maji ya Pugu yanachelewa kutoka. Uvutano, bamvua na mashapo, ambavyo kitabu huviweka katika sura tatu tofauti, vinakutana hapo kwa siku moja.

Inaniuma kwamba mwanafunzi akifika kidato cha kwanza maneno haya anayaacha nje ya mlango, kwa kuwa sayansi ya sekondari inafundishwa kwa Kiingereza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi ya kusanifu ilishaanza zamani. Kabla mwanafunzi hajafika sekondari, shule za msingi za Ilala zina muda wa kumpeleka Salenda mara mbili, siku ya mwezi mpevu na siku ya mwezi nusu, akaweke alama ya maji yaliyojaa kwenye mti wa mkoko, kisha apime kwa rula umbali wa alama hizo mbili.