MIKONO YA MUHEME: SOMO LA NGOMA NILILOKARIBIA KULIDHARAU

Na Mwanafunzi wa Zamani, sasa Mtumishi wa Serikali



Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa mpiga ngoma wa kikundi cha utamaduni cha shule. Nilijiona bingwa kwa kuwa nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Siku alipokuja mgeni rasmi tulianza kwa mbwembwe nyingi. Wimbo haujafika nusu, viganja vikawaka moto, mabega yakakaza, mwendo ukanitoka. Wachezaji walisimama wakinitazama.

Jioni yake mama mmoja wa Kigogo, aliyeolewa hapa Mgori, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, wewe unapigana na ngoma." Akajitolea kunifundisha. Nami, kijana wa sekondari, niliona haya kufundishwa ngoma na mwanamke!

Haya hiyo ilitokana na ujinga. Jirani zetu Wagogo, wa Dodoma na wa Manyoni katika mkoa wetu huu, wanayo ngoma iitwayo muheme, na mabingwa wake ni akina mama. Asili yake imefungamana na unyago wa wasichana. Mpigaji huibana ngoma yake, iliyo nyembamba kiunoni, katikati ya mapaja, akaipiga kwa viganja vitupu huku akiimba na kucheza. Wakati wa ukoloni shule na misheni nyingi ziliziita ngoma za namna hii ushenzi. Mwalimu Nyerere aliposhika urais mwezi Desemba 1962 aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wasomi walijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo, na Mgogo mashuhuri, Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki wa Ugogo hadi Ulaya. Wasikilizaji wa redio nao wanalikumbuka pigo la taarifa ya habari: lilikuwa la Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyepiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja.

Basi, siri ya mikono hiyo ni nini? Yule mama alinianzisha na moto, si na ngoma. Ngozi iliyolegea kwa baridi au unyevu humeza pigo. Ikishapashwa moto hukaza na kuurudisha mkono juu yenyewe. Mpigaji hodari huukubali mrudisho huo. Mimi nilikuwa nikiugandamiza mkono juu ya ngozi, kisha nikiunyanyua kwa nguvu zangu. Kwa hiyo kila pigo nililifanyia kazi mara mbili, tena sauti niliiua.

Pili, alinionyesha sauti tatu. Kiganja kizima karibu na katikati ya ngozi hutoa sauti nzito. Vidole vilivyoshikamana, vikipiga ukingoni na kuondoka mara moja, hutoa sauti wazi. Vidole vilivyolegezwa, vikichapa kama mjeledi, hutoa sauti kali. Mkono usiende mbali kutafuta sauti hizo, wala usinyanyuliwe juu bila sababu, maana kila inchi ya hewa ni muda uliopotea.

Tatu, mikono ipokezane, kulia na kushoto, na ule dhaifu ufanyishwe mazoezi zaidi. Alinikalisha siku nyingi nikipiga polepole mpaka hata yeye, akiwa amefumba macho, asiweze kutambua ni mkono upi uliopiga. Ndipo aliponiruhusu kuongeza mwendo. Mabega yakianza kukaza, aliniamuru nirudi nyuma. Ndiyo maana wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

La mwisho lilinishangaza zaidi. Kasi tunayoisikia katika muheme si ya mtu mmoja. Ngoma moja hushikilia mwendo bila kubadilika, nyingine hujaza nafasi zilizoachwa wazi, na ngoma kiongozi huzungumza juu yao. Kila mmoja hupiga kidogo, na kwa pamoja husikika kama mvua juu ya bati. Anayetaka kujaza nafasi zote peke yake huishia kama mimi mbele ya mgeni rasmi.

Ndugu zangu, nilijifunza mapigo mawili tu. Mengine nilisema nitayafuata likizo. Likizo zikaja na kupita. Nikaenda Chuo Kikuu, nikaajiriwa, nikahamishwa vituo. Niliporudi Mgori nikiwa na muda, mwalimu wangu alikuwa ameshazikwa, na mapigo aliyoyajua alikwenda nayo. Kosa hilo ni langu.

Kwa hiyo natoa pendekezo. Katika mkutano wetu ujao tuwaalike akina mama wanaojua ngoma, Wanyaturu na Wagogo, siyo kuja kututumbuiza wakati tukila pilau, bali kuwafundisha vijana hawa, nasi tuwalipe posho kama tunavyomlipa mtaalamu yeyote. Nanyi wanafunzi, simu zenu zinarekodi, zitumieni. Lakini simu haina viganja. Kaeni chini, pasheni ngoma moto, anzeni polepole.