CD au faili? Historia ya uchaguzi wa chombo cha sauti na hatima ya nyimbo za gitaa za Katanga

1. Utangulizi

Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville ambao leo huitwa Likasi, Hugh Tracey alirekodi nyimbo za kijana mpiga gitaa aliyeitwa Mwenda Jean Bosco. Wimbo wa "Masanga" na nyinginezo zilitolewa katika santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zenye lebo ya Gallotone ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, zikasikilizwa hadi Afrika ya Mashariki. Santuri ya aina hiyo ilibeba takribani dakika tatu kila upande, na ilipoanguka sakafuni ilivunjika. Tangu wakati huo muziki uliorekodiwa umehamishwa kutoka chombo hadi chombo: santuri za plastiki, kanda za kaseti, CD, na hatimaye faili zinazopakuliwa kwa njia ya intaneti, ambazo baadhi yake huuzwa kwa sifa ya kuwa bora kuliko CD.

Mwenye fedha chache anayetaka kuhifadhi nyimbo hizo hana budi kuchagua. Makala haya yanafuata historia ya CD na ya faili za ubora wa juu ili kuonyesha kwamba tofauti ya sauti kati ya vyombo hivi viwili ni ndogo kuliko inavyotangazwa, ilhali tofauti ya umiliki na ya uhifadhi ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa nyimbo za Kiswahili cha Katanga jambo hili si la anasa. Nyimbo hizo ni miongoni mwa mashahidi wachache wa sauti wa lugha ya miji ya migodi kabla ya mwaka 1960.

2. Asili ya CD

CD ilizaliwa kutokana na makubaliano ya kampuni mbili, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, ambazo ziliafikiana juu ya kanuni zake mwaka 1980. Tarehe 17 Agosti 1982, katika kiwanda cha Langenhagen karibu na Hannover, Ujerumani, zilitengenezwa CD za kwanza za biashara, zikiwa na albamu ya kundi la ABBA. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mashine ya kwanza ya kuzisoma, CDP-101 ya Sony, iliuzwa Japani.

Katika CD wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Idadi hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya sikio peke yake. Siku zile sauti ya dijitali ilihifadhiwa katika kanda za video, na idadi ya mistari ya picha ndiyo iliyoamua: vipimo 3 katika kila mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde, huleta 44,100 kamili. Hata hivyo hesabu hiyo ilitosha. Kanuni iliyojengwa juu ya kazi za Harry Nyquist na Claude Shannon inasema kwamba, ili kuhifadhi mtetemo fulani, hapana budi vipimo vizidi mara mbili ya mitetemo yake kwa sekunde. Sikio la mtu mwenye afya husikia hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde, na CD hufikia karibu 22,050. Biti 16 nazo hutoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa.

3. Kuja kwa faili za ubora wa juu

Walakini studio ziliendelea kurekodi kwa biti 24, na kwa vipimo 96,000 au hata 192,000 kwa sekunde. Wauzaji waliona kwamba pengo kati ya rekodi ya studio na CD laweza kuwa bidhaa. Jaribio la kwanza lilifanywa kwa diski mpya: SACD mwaka 1999, kisha DVD-Audio mwaka 2000. Zote mbili zilihitaji mashine nyingine, na hakuna iliyoishinda CD. Intaneti ilipopata kasi, diski yenyewe ikaonekana haina haja. Mwaka 2008 ndugu David na Norman Chesky walianzisha HDtracks mjini New York, na Qobuz ya Ufaransa nayo ikauza faili za aina hiyo.

Ubora huo una uzito wake. Dakika moja ya sauti ya CD huchukua megabaiti 10 na nusu hivi. Dakika moja ya biti 24 na vipimo 96,000 huchukua karibu 35, na kwa vipimo 192,000 hufikia karibu 69. Albamu ya dakika 60 ya kiwango cha kati kati ya hivyo vitatu hupita megabaiti 2,000 kabla ya kubanwa. Namna ya kubana isiyopoteza kitu, kama FLAC iliyotolewa mwaka 2001, huupunguza mzigo huo, lakini haiufuti. Kwa anayelipia intaneti kwa kila megabaiti, na ambaye umeme humkatikia katikati ya kupakua, hesabu hii hutangulia hesabu ya desibeli.

4. Sikio linasema nini?

Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha matokeo ya majaribio ambamo wasikilizaji walisikia sauti ya ubora wa juu, na tena sauti ileile iliyopitishwa katika kiwango cha CD, bila kuambiwa ipi ni ipi. Katika majaribio 554 walijibu sawasawa mara 276, yaani sawa na mtu anayerusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya matokeo ya tafiti 18. Aliona kwamba uwezo wa kutofautisha upo, bali ni mdogo: majibu sahihi yalikuwa 52.3 kwa mia, na yaliongezeka kwa wasikilizaji waliopewa mafunzo. Kwa hiyo si haki kusema kwamba tofauti haipo kabisa, wala si haki kumwahidi mnunuzi wa kawaida kwamba atasikia ulimwengu mpya.

Kinachosikika kwa urahisi zaidi ni kazi ya fundi anayetayarisha rekodi kabla haijaingia katika chombo chochote. Albamu ya Metallica ya mwaka 2008, "Death Magnetic", ni mfano mashuhuri. Katika CD sauti ilikuzwa hadi ikakwaruza, ilhali nyimbo zilezile zilizowekwa katika mchezo wa video zilisikika safi zaidi. Kosa halikuwa la biti 16. Vivyo hivyo, rekodi ya zamani iliyosafishwa vizuri na kutiwa katika CD huishinda faili ya biti 24 iliyotolewa katika santuri iliyochakaa. Chungu kipya hakibadilishi ladha ya mboga iliyokwisha kuungua.

5. Ni nani mwenye mali?

Mtu anunuapo CD hupata kitu cha kushika. Anaweza kukiuza, kukiazima au kukirithisha. Anunuapo faili, aghalabu hupata leseni. Tofauti hiyo ilipimwa mahakamani huko Marekani, ambako kampuni ya ReDigi ilijaribu kuuza tena faili za muziki zilizokwisha kununuliwa. Mwaka 2013 mahakama ya New York iliamua kwamba kuhamisha faili ni kutengeneza nakala mpya, na kwa hiyo haki ya kuuza tena, ambayo mwenye CD anayo, haihusiki. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ilithibitisha uamuzi huo.

Duka la faili laweza pia kufungwa. Mwaka 2014 mwanamuziki Neil Young alichangiwa zaidi ya dola milioni 6 kwa ajili ya Pono, kifaa chenye duka lake la faili za ubora wa juu. Mwaka 2016 duka hilo lilisimama baada ya kampuni iliyolihudumia kununuliwa na Apple, na mwaka 2017 Young alitangaza mwisho wa mradi. Wateja waliokwisha kupakua na kutunza nakala walibaki na muziki wao.

Akiba haiozi, wasema wahenga. Lakini CD nazo zimeoza. Katika kiwanda kimoja cha Blackburn, Uingereza, zilitengenezwa kati ya mwaka 1988 na 1993 CD ambazo baadaye ziligeuka rangi ya shaba na kuacha kusomeka. CD inayoandikwa nyumbani ni dhaifu zaidi, kwa kuwa data zake zimo katika rangi inayoharibiwa na mwanga na joto. Tena kompyuta nyingi za leo hazina mahali pa kuingizia CD. Hakuna chombo kinachojilinda chenyewe.

6. Nyimbo za Katanga katika mizani

Rekodi za Tracey ziliwekwa katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM, aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo tangu mwaka 1978 imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kampuni ya SWP ya Uholanzi, chini ya Michael Baird, ilizitoa baadhi yake katika mfululizo wa CD. Mojawapo inahusu chimbuko la muziki wa gitaa wa kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia. Je, faili ya ubora wa juu ingeongeza nini?

Kwa sikio, pengine haba. Santuri za mizunguko 78 kwa kawaida hazikubeba mengi juu ya mitetemo 10,000 kwa sekunde, na CD hupita mpaka huo mara mbili. Kile anachokihitaji mwanaisimu kimo ndani ya mpaka huo. Katika Kiswahili cha Katanga, kwa mfano, "s" mbele ya "i" huelekea kutamkwa "sh", na "siku" ikasikika "shiku". Tofauti hiyo hukaa katika mkwaruzo wa juu wa konsonanti. CD huihifadhi, na faili ya ubora wa juu huihifadhi pia. Huweza kufifia katika faili ndogo iliyobanwa kupita kiasi, ile inayopitishwa kutoka simu hadi simu. Adui wa mtafiti ni huyo, wala si biti 16.

Kuna pia kijitabu kilichomo katika kasha. Humo mna jina la mwimbaji, mahali, mwaka na lugha ya wimbo. Faili iliyopotezwa maelezo hayo hubaki sauti isiyo na kwao. Mtu ataisikia bila kujua kama ni ya Likasi au ya Ndola, ya mwaka 1952 au 1957.

Kwa maktaba hali ni nyingine. Mwongozo wa chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, katika toleo lake la mwaka 2009, unashauri rekodi za zamani zihamishwe kwa biti 24, na vipimo 96,000 kwa sekunde kwa hazina za urithi. Sababu si kwamba sikio litafurahi. Fundi wa kesho atahitaji hata mlio wa mkwaruzo wa sindano uliohifadhiwa kamili, ili aweze kuuondoa bila kuuondoa na wimbo.

7. Hitimisho

Historia hii inatenganisha kazi mbili zinazochanganywa katika matangazo ya biashara. Kuhamisha santuri na kanda asilia ni kazi ya faili za ubora wa juu, nayo haina budi kufanywa kabla vitu hivyo havijaangamia. Kusikiliza, kufundisha na kuchunguza lugha ni kazi ambayo CD iliyotengenezwa vizuri inaitosheleza, na bei ya ziada ya faili kubwa ina maana pale tu utayarishaji wake ulipo bora zaidi.

Msomi au idara yenye fedha za chombo kimoja itafanya vema kununua CD yenye kijitabu, kuinakili katika FLAC bila kupoteza kitu, kuandika majina na miaka ndani ya faili, na kuweka nakala mahali pawili mbalimbali. Ambapo CD haipatikani tena, faili ya kiwango cha CD iliyopakuliwa na kutunzwa hivyohivyo itashika nafasi yake. Wimbo wa Jadotville umekwisha kuvuka vyombo kadhaa kwa sababu katika kila zama alikuwapo mtu aliyeuhamisha kabla chombo cha kwanza hakijafa. Kazi hiyo sasa imewafikia wenye lugha yenyewe.