Waliokutwa Kazini



Katika sura ya 12 ya Injili ya Luka, Bwana wetu anatoa mfano wa watumishi wanaomngoja bwana wao arudi kutoka harusini. Hakuna kati yao anayeijua saa. Yezu anamwita mwenye heri yule mtumishi ambaye, bwana wake afikapo, anakutwa akiitimiza kazi aliyoachiwa, yaani kuwapa wenzake chakula kwa wakati wake. Tunapousoma mfano huu hapa Sange, mara nyingi tunafikiria kifo au mwisho wa dunia, kisha tunafunga kitabu kwa hofu. Historia ya Kanisa letu la Kivu inatusaidia kuusoma kwa utulivu zaidi, kwa kuwa inatuonyesha watu ambao kweli walikutwa kazini, na kazi hiyo ya kawaida ikawa ushuhuda wao.

Mizizi kando ya ziwa

Ukifuata barabara ya taifa namba 5 kutoka kwetu, unafika Uvira, kisha unaambaa Ziwa Tanganyika hadi Baraka. Kutoka hapo njia inapanda milimani kuelekea Fizi. Hiyo ndiyo njia ya simulizi letu.

Injili ilifika kwenye ziwa hilo mwishoni mwa karne ya 19, wakati biashara ya watumwa ilikuwa bado inaviteketeza vijiji. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walisaidiwa na mlei mmoja Mfaransa, Kapteni Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa. Alikaa Mpala, kisha Mrumbi, upande wa Moba, akavilinda vijiji dhidi ya wawindaji wa watumwa. Alimwoa mwanamke wa huko, Agnes Atakaye, naye akafia katika nchi hiyo mwaka 1927. Mwana wao Albert alizaliwa mwaka 1908, akapewa daraja la upadri mwaka 1935. Mlikumbuke jina hilo, kwa maana tutakutana nalo tena Fizi.

Mwaka 1958 Wamisionari Wasaveri kutoka Italia walifika Uvira. Mwaka 1962 jimbo la Uvira liliundwa, na askofu wake wa kwanza akawa Danilo Catarzi, Msaveri. Jimbo hilo lilikuwa na umri wa miaka miwili tu lilipotiwa katika tanuru.

Siku moja kabla ya Majilio

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Miezi michache baadaye Patrice Lumumba aliuawa, na wananchi wengi wakaona kwamba ahadi za uhuru zimewaishia wakubwa wachache. Mwaka 1964 uasi ukawaka mashariki mwa nchi. Wapiganaji wake waliitwa Simba, na wazee wetu wanaukumbuka kama uasi wa Mulele. Tusiwasimulie watu hao kana kwamba walikuwa wanyama wa porini. Wengi walikuwa vijana wa rika lenu, wenye hasira iliyokuwa na sababu, ila hasira hiyo ikapewa bunduki kabla ya kupewa mwongozo.

Uvira ilianguka mikononi mwa waasi mwezi wa Mei, na wamisionari wakashikwa mateka humo hadi Oktoba, mji ulipokombolewa. Baraka na Fizi zilibaki chini ya waasi. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, na chuki dhidi ya wageni ikazidi kila mahali.

Tarehe 28 Novemba 1964 ilikuwa Jumamosi. Kesho yake Kanisa lilikuwa linaanza Majilio, kipindi kile ambacho kila mwaka tunakumbushwa kukesha. Gari la waasi lilisimama mbele ya kanisa la Baraka. Ndugu Vittorio Faccin, mtawa mwenye umri wa miaka 30, aliamriwa apande. Alikataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, mwenye miaka 31, alikuwa ndani ya kanisa akiwaungamisha waamini. Alitoka nje, akamwona mwenzake amelala katika damu. Naye akaamriwa apande gari, lakini akachagua kufa pale alipokufa ndugu yake. Alipiga magoti karibu na maiti, akauawa hapo.

Gari likaendelea hadi Fizi. Usiku mlango wa misioni ukagongwa. Padri Giovanni Didonè, mwenye miaka 34, akaenda kuufungua kama afanyavyo padri yeyote anapoitwa usiku kwa mgonjwa. Risasi ikampata mlangoni. Pamoja naye aliuawa Padri Albert Joubert, mwana wa Kapteni na Agnes, mwenye miaka 56. Wageni watatu na mwana wa ziwa letu walichanganya damu yao siku moja.

Miaka 60 ilipita. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko.

Imani si dawa ya risasi

Tuangalie neno moja katika historia hiyo. Waasi wa 1964 walinyunyiziwa maji ya dawa, wakaambiwa kwamba wakitaja jina la Mulele na kushika masharti, risasi zitageuka maji. Mnajua kwamba imani ya namna hiyo haikufa katika bonde letu la Ruzizi wala milimani kwetu. Hata leo kuna kijana anayeahidiwa kinga ili aingie porini.

Wenye heri wetu hawakuwa na kinga ya aina hiyo. Rozari haikuzuia risasi Baraka, wala kanzu haikuizuia Fizi. Yezu mwenyewe hakuzuia misumari. Tukiwafundisha ninyi kwamba kusali kunamwepusha mtu na kila baya, tutakuwa tumewauzia dawa nyingine yenye jina la Kikristu, na siku ya kwanza ya msiba mtaitupa. Imani iliwapa wale wanne kitu tofauti: nguvu ya kubaki watu wema mpaka dakika ya mwisho. Aliyeungamisha aliungamisha, na aliyeitwa mlangoni alifungua.

Hapa lazima tuseme jambo lingine waziwazi, kwa sababu wengi wenu mmebeba magodoro kichwani usiku mkikimbia milio ya bunduki. Kukimbia vita si dhambi. Mtakatifu Yosefu alimchukua Mtoto na Mama yake usiku, akakimbilia Misri. Paulo alishushwa ukutani Damasko ndani ya kikapu. Kanisa halimfundishi mtu kukitafuta kifo. Linamwuliza tu swali hili: kule uliko, nyumbani au ukimbizini, unaifanyaje kazi uliyopewa?

Mlei wa Goma

Pengine mtasema: hao walikuwa mapadri na watawa, sisi ni wanafunzi, wauzaji, madereva wa pikipiki. Basi tupande kaskazini hadi Goma, kwenye Ziwa Kivu.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria, akawa mlei katika jumuiya ya Sant'Egidio, na katika jumuiya hiyo aliwahudumia watoto wa barabarani, wale wanaoitwa maibobo, akitaka wasome. Kisha akapata kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Huko mpakani kazi yake ilikuwa kuamua kama chakula kinachoingia kinafaa kuliwa au kinapaswa kuharibiwa.

Fikirini nguvu ya kalamu hiyo. Saini moja, na shehena iliyooza inaingia sokoni, inafika katika sufuria za watu ambao hatawaona kamwe. Alipewa fedha ili aipitishe, akakataa. Alishinikizwa, akakataa tena, akieleza kwamba fedha zitaisha upesi, lakini wale watakaokula watapata nini? Alijiuliza kama kweli anaishi kwa ajili ya Kristu, na jibu lake likawa kukataa. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa nyara, akateswa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26.

Mnamo tarehe 2 Februari 2023, Papa Fransisko aliwasimulia habari zake vijana waliojaa Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, akawaalika wakatae rushwa kwa sauti moja. Tarehe 15 Juni 2025 Floribert alitangazwa mwenye heri mjini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Angalieni jinsi mfano wa Luka ulivyotimia. Mtumishi mwema ni yule anayewapa wenzake chakula kwa wakati wake. Floribert aliulinda mlango ambao chakula cha wenzake kilipitia.

Kopo la mchele

Sisi makatekista tumezoea kuwauliza watoto: Mungu yuko wapi? Nao hujibu: yuko kila mahali. Basi yuko pia sokoni Sange, mbele ya kopo la kupimia mchele. Mnalijua kopo ambalo kitako chake kimegongwa kikaingia ndani, ili mnunuzi alipe kopo zima na kupata pungufu. Yupo shuleni, pale mwanafunzi anapotafuta alama bila kusoma, na pale mwalimu anapomwekea bei. Yupo kwenye kizuizi cha barabarani, na kwenye dirisha ambapo karatasi ya mjane haisogei bila kitu kidogo.

Mtu atasema: kitako cha kopo kina uzito gani mbele ya vita vyetu? Yezu anatujibu katika sura ya 16 ya Luka kwamba uaminifu katika lililo dogo ndio uaminifu katika lililo kubwa. Floribert hakuanza kuwa mwaminifu siku ile ya shehena. Mkono uliozoea kupima haki ndio ulioweza kukataa fedha. Luigi Carrara naye hakujifunza upendo pale mbele ya gari. Alikuwa akiutoa kila wiki, akiwasikiliza waamini mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo msisubiri saa kubwa ili muwe Wakristu. Wengi wetu hatutaipata saa hiyo, nasi tunamwomba Mungu atuepushe nayo. Saa ndogo tunazo leo, na bwana wa nyumba anaweza kugonga mlango katika mojawapo ya hizo.

Maswali ya kutafakari pamoja

1. Katika kazi au masomo yako, ni wapi unapojaribiwa mara nyingi zaidi kupunguza kipimo? Utafanya nini wiki hii?

2. Kijana mwenzako akiitwa porini kwa ahadi ya kinga na fedha, kikundi chetu kinaweza kumpa nini cha kweli badala ya hayo?

3. Wazee wa parokia yetu wanakumbuka nini kuhusu mwaka 1964? Mchague wawili wakawasikilize na kuandika, kabla kumbukumbu hiyo haijazikwa pamoja nao.

Tusali: Ee Bwana, kwa maombezi ya wenye heri Luigi, Vittorio, Giovanni, Albert na Floribert, utujalie mikono safi na mlango usiofungwa kwa mhitaji. Utakapokuja, utukute kazini. Amina.